Gari Likipinduka, Baki Ndani

Kuna hadithi inayosimuliwa karibu kila penye msiba wa ajali: gari lilipinduka, waliofunga mikanda wakanasa humo humo, na yule ambaye hakufunga akarushwa dirishani, akaangukia majani, akainuka na kujipangusa vumbi. Huenda ni kweli. Ila waliorushwa nje wakalaliwa na gari lao wenyewe hawakurudi kusimulia, ndiyo maana habari zao huzisikii. NHTSA, mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa magari, imezihesabu ajali hizi kwa miongo kadhaa na picha ni ile ile: kupinduka ni asilimia 2 au 3 tu ya ajali zote, lakini huchukua karibu theluthi ya vifo vya watu waliokuwa ndani ya magari madogo. Wengi wa wanaokufa hawakuwa wamefunga mkanda, na sehemu kubwa yao hukutwa nje ya gari.

Ajabu ni kwamba kupinduka kwenyewe si pigo kali kama unavyodhani. Gari linalogongana uso kwa uso na lori husimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Linalobingirika hutumia sekunde kadhaa na makumi ya mita, kila mzunguko ukila kipande cha mwendo. Kwa aliyefungwa vizuri, ndani ya bodi ambayo haijabonyea, hiyo ni nafuu kubwa. Nafuu hiyo hupotea kwa njia mbili: mtu akitoka garini, au kitu kikimfuata mtu alipokaa, kiwe paa, ardhi inayoingia dirishani, au dumu la mafuta lililoachwa nyuma bila kufungwa.

Matairi yakitoka kwenye lami

Wengi huamini gari hupinduka kwa sababu ya kona kali na mwendo. Hutokea, hasa kwa malori yaliyopakia mzigo mrefu. Kwa magari madogo, hata hivyo, NHTSA inakadiria kuwa kati ya ajali 100 za gari lililopinduka peke yake, 95 zilianza kwa gari kujikwaa. Linateleza ubavu, matairi ya upande mmoja yanakutana na udongo laini, mtaro au ukingo wa kalavati, chini inasimama na juu inaendelea na safari.

Huku kwetu kisa huanza hivi. Lami ni nyembamba, kingo zake zimeliwa na mvua hadi kando pana kina cha kiganja. Dereva anampisha mwenye lori, matairi mawili ya kushoto yanashuka. Anashtuka, anakata usukani kulia kwa nguvu. Tairi linakwaruza ukingo wa lami na kukataa kupanda, anazidi kukata, kisha linapanda ghafla huku usukani ukiwa umeshakatwa na gari linaruka hadi upande wa pili. Anarudisha kushoto. Sasa gari linakwenda ubavu, na kilichobaki ni mtaro.

Ukishuka, kubali kwamba umeshuka. Toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa ghafla, shika usukani kwa mikono miwili na uende sambamba na barabara. Ngoja mwendo ushuke hadi kama 40, tazama mbele na nyuma, ndipo upande taratibu mahali ambapo ukingo si mrefu. Ikibidi, simama kabisa huko huko chini. Hakuna anayekudai urudi juu kwa sekunde ile. Tairi likipasuka, utaratibu ni huo huo: usukani imara, mguu nje ya mafuta, breki baadaye.

Mbuzi au mbwa akikatiza, kanyaga breki kadiri uwezavyo lakini mkono usikate. Ushauri huu huwaudhi watu wenye huruma, nami nawaelewa, ila mbuzi hulipwa. Kwa ng'ombe na punda, breki peke yake mara nyingi haitoshi. Dawa yao ni mwendo uliopungua kabla hujawaona, hasa jioni na usiku.

Hesabu ya keria

Wahandisi wana kipimo rahisi cha kujua gari lipi ni jepesi kupinduka. Unachukua upana kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, unaugawa kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Saluni nyingi hupata kati ya 1.3 na 1.5. Magari marefu na pikapu huangukia kati ya 1.0 na 1.3. Namba ikiwa ndogo, gari linahitaji kusukumwa kidogo tu ubavuni ili liinuke.

Tufanye hesabu ya mfano. Gari refu lina kilo 1,900, upana wa matairi sentimita 150, kitovu cha uzito sentimita 70 juu ya ardhi. Kipimo chake ni 1.07. Ni Desemba, unakwenda kijijini, na juu ya keria umepandisha mchele, mabati na sanduku la vyombo, jumla kilo 150. Kitovu kinapanda hadi karibu sentimita 79 na kipimo kinashuka hadi 0.95. Hilo ni gari jingine, nawe unaliendesha kwa mazoea ya lile la jana. Mama aliyejitwika ndoo hageuki ghafla akiitwa; dereva mwenye keria iliyojaa hukata kona kama kawaida.

Basi vitu vizito viwe chini, sakafuni, vikiegemea migongo ya viti na kufungwa kamba. Keria ibebe vyepesi, na kitabu cha gari hueleza kikomo chake, ambacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Abiria nao ni mzigo wa juu. Mwaka 2001 NHTSA ilionya kuhusu magari ya abiria 15 ya Kimarekani: yakibeba watu 10 au zaidi, uwezekano wa kupinduka katika ajali ya gari peke yake ulikuwa karibu mara tatu ya pale yanapobeba wachache. Hiace zetu hazikutoka kiwanda kile, lakini uzito unaokaa juu ya matairi ni uzito tu. Na fundi akikushawishi kuinua springi na kufunga matairi makubwa ili gari lipendeze, jua kwamba anakipandisha kitovu kile kile.

Tairi la nyuma na taa ya dashibodi

Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudishwa kwa matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer. Ngozi ya nje ya tairi ilikuwa ikibanduka, mara nyingi tairi la nyuma, kwenye joto na mwendo mkubwa, na gari lile refu lilipoanza kuyumba likapinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa Marekani. Kampuni mbili hizo zikatupiana lawama, na sehemu ya ugomvi ilikuwa upepo: Ford ilikuwa imeelekeza psi 26, Firestone ikasema ilistahili kuwa 30.

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi, hupata joto, na joto hulegeza gundi inayoshika tabaka zake. Pima asubuhi kabla hujatembea. Kiwango cha gari lako kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa, na 230 ni sawa na psi 33 hivi. Muuza matairi ya mtumba atakuonyesha kashata nene, wewe mwombe namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama linang'aa. Na ukinunua mawili tu, yaende nyuma. Mafundi wengi watakubishia, lakini mbele pakiteleza gari hunyooka, nyuma pakiteleza gari hugeuka ubavu.

Ukitafuta gari la kununua, washa swichi utazame dashibodi. Taa yenye picha ya gari na mistari ya nyoka chini yake ni ya mfumo unaozuia gari kuteleza ubavu. Toyota huuita VSC, Nissan VDC, Honda VSA. Hubana breki ya tairi moja moja kulirudisha gari kwenye njia yake, na utafiti wa IIHS, taasisi ya kampuni za bima za Marekani, ulionyesha kuwa hupunguza ajali za kupinduka zinazoua, zile za gari peke yake, kwa takriban robo tatu. Marekani iliulazimisha kwenye magari madogo yote kuanzia modeli za 2012. Mimi ningechukua saluni ya kawaida yenye mfumo huu kuliko jipu refu lisilo nao. Taa hiyo ikibaki inawaka, mfumo haufanyi kazi; mara nyingi ni sensa ya gurudumu tu, na fundi anayekwambia haina madhara anakudanganya.

Mkanda, hasa wa nyuma

Uchambuzi wa NHTSA unasema mkanda wa pointi tatu hupunguza uwezekano wa kufa gari linapopinduka kwa asilimia 74 kwenye saluni, na asilimia 80 kwenye pikapu na magari marefu. Hakuna aina ya ajali ambayo mkanda hufanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Lakini uwe umefungwa sawasawa. Kipande cha chini kikae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kwa mjamzito kipite chini ya tumbo. Kipande cha juu kipite katikati ya bega na kifua, kisiwekwe chini ya kwapa. Kisha vuta kuondoa ulegevu, kwa sababu gari likilala juu chini, ulegevu huo ndio umbali utakaoangukia paa kwa kichwa. Kiti kisilazwe. Abiria wa mbele aliyelaza kiti apate usingizi amefunga mkanda ambao haumgusi, na siku ya ajali atachomoka chini yake.

Nyuma ndiko kwenye aibu. Ingia gari lolote lililotoka Japani: mikanda ya nyuma ipo, imara, na vifungo vyake vimezikwa chini ya makava ya viti. Mwenye gari alitoa elfu kadhaa kulinda kitambaa. Toboa kava au litupe. Kile kizibo kinachouzwa barabarani ili kuinyamazisha kengele ya mkanda nacho kikatupwe. Abiria wa nyuma asiyefunga si hatari kwake peke yake, kwani gari likizunguka atawaangukia waliofunga kwa uzito wake wote. Mtoto akae kwenye kiti chake kilichofungwa, kamwe asiwe mapajani: mikono ya mzazi haiwezi kumshika gari linapobingirika, hata mzazi awe na nguvu kiasi gani.

Kenya ilijaribu kulimaliza jambo hili kwa amri. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka mkanda kwenye kila kiti cha matatu na kidhibiti mwendo cha kilomita 80. Mikanda ikafungwa kweli. Ukipanda leo utaikuta mingi, migumu kwa uchafu, na ndiyo sababu abiria anayejali shati lake haigusi. Beba kitambaa, uifute, uifunge.

Paa

Miaka ya 1980 General Motors ilibingirisha magari kadhaa ya Chevrolet Malibu, mengine ya kawaida, mengine yakiwa na kizimba cha chuma ndani, ili kujua shingo huvunjikaje. Kampuni ilihitimisha kuwa mtu huangukia paa kabla paa halijabonyea, kwa hiyo kuliimarisha hakusaidii sana. Wapinzani walivisoma vipimo vile vile wakasema paa ndilo linalomfuata mtu. Ubishi uliingia mahakamani na haukutoka kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Marekani iliongeza kiwango: paa la gari dogo libebe mara tatu ya uzito wa gari, badala ya mara moja na nusu ya zamani. IIHS ilitaka mara nne kabla ya kutoa alama ya juu.

Wewe abiria usisubiri wamalizane. Pande zote mbili zinazungumzia nafasi iliyopo kati ya utosi na dari, na nafasi hiyo unaweza kuiongeza leo: shusha kiti kama kinashuka, kaza mkanda. Mikono ibaki ndani. Kiwiko kilichotulia dirishani ndicho kinachosagwa kwanza, kwani kioo cha pembeni huvunjika vipande vidogo na kuacha tundu wazi.

Magari ya utalii yana tatizo lake: paa limekatwa ili lifunguke juu, bodi imerefushwa. Mgeni kusimama akipiga picha hifadhini, gari likiwa limesimama, hakuna ubaya. Kwenye lami ya kutoka Arusha kwenda Karatu paa lifungwe, kila mtu akae, afunge mkanda, na dereva asiogope kumwambia mteja hivyo. Uliza kampuni kama paa limeongezewa mirija ya chuma ndani. Migodi mingi haikubali gari la kazi bila kizimba hicho.

Kuhusu mabasi niseme kifupi, kwa kuwa abiria hana mamlaka makubwa. Yapo mabasi ambayo bodi yake imejengwa karakana juu ya chesi ya lori, na ubora wake hutegemea uchomeleaji wa nguzo za madirisha. Oktoba 2018 basi lilipinduka Fort Ternan, Kenya, paa likang'oka, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 66 hupima jambo hilo hasa: basi huangushwa ubavu ndani ya shimo la kina cha milimita 800, na nguzo hazitakiwi kuingia kwenye nafasi ya abiria. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua basi lenye mikanda na lisilo na shehena juu. Nyuma ya pikapu hakuna kiti kizuri cha kuchagua.

Baada ya vumbi kutulia

Uko juu chini, umening'inia kwenye mkanda. Usiufungue. Zima swichi. Sikiliza nani anaongea, nusa kama kuna petroli. Kanyaga sakafu au dashibodi kwa miguu miwili, weka mkono mmoja kwenye dari karibu na kichwa na uusukume, ingiza kidevu kifuani, ndipo mkono wa pili ubonyeze kifungo. Uangukie bega. Wapo walionusurika ajali wakaumia shingo kwa kujifungua wakaangukia kichwa. Toka upande usio wa barabara, usogee mbali. Magari mengine yanakuja na madereva wao wanashangaa.

Wewe uliyefika kusaidia, kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema kabisa: vijana wanalizunguka gari na kulisukuma lirudi kwenye matairi, watu wakiwa ndani. Mwenye shingo iliyovunjika anazungushwa tena. Kazuie hilo kwanza, kwa sauti kubwa. Tuma mtu asimamishe magari mbali, pande zote mbili, na mwingine apige simu: 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Kusiwe na sigara. Kama kuna moto au moshi unaoongezeka, watoe upesi kwa namna yoyote. Kama hakuna, mwache majeruhi anayepumua alipo, mtu mmoja ashike kichwa chake kwa viganja viwili bila kukigeuza. Damu inayotoka kwa kasi ibanwe kwa kitambaa, mkono usiachie. Anayetapika ageuzwe ubavu, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja, watu watatu wakihesabu kwa sauti. Mkikosa gari la wagonjwa, mbao au mlango ulionyooka ni bora kuliko kumkunja kwenye kiti cha nyuma.

Aliyetoka akitembea naye aende hospitali siku hiyo hiyo. Ganzi au kuchomachoma mikononi, kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu: lolote kati ya hayo ndani ya siku moja au mbili linamrudisha hospitali bila kungoja asubuhi. Amweleze daktari kwamba gari lilipinduka, asiseme tu amepata ajali, kwa sababu neno "kupinduka" ndilo litakalofanya shingo yake ipigwe picha.

Gari lenyewe mara nyingi hunyooshwa, hupakwa rangi, na huuzwa. Ukilikagua gari la mtumba, funua mpira wa milango utazame nguzo za kioo cha mbele na mshono wa paa. Rangi nene, doti za kuchomelea zisizofuatana, au kitambaa cha dari kilichobadilishwa ni sababu ya kuondoka. Kisha vuta mkanda wa dereva hadi mwisho. Ukiona mahali unapopita kwenye pete ya begani pana mng'ao na nyuzi zilizoyeyuka, mkanda huo umeshamzuia mtu mara moja. Haushonwi wala haufuliwi: unabadilishwa wote, pamoja na kifungo chake.